Nusu mita ya Meru isipotelee kwenye simu

Na Mwanaidi Mbise

Shamba la Mmeru pale Poli au Nkoaranga halina nafasi ya kupoteza. Babu aligawa, baba akagawa tena, kilichobaki ni migomba na kahawa kati ya masale na masale, mimea yetu ya mipaka. Ardhi hii ndiyo iliyompeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, kuwasemea Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Kwa hiyo nikisikia vijana wa Arusha wanatengeneza programu za simu za kupima mashamba, swali langu la kwanza ni hili: namba za bikoni, yaani alama za mipaka, mnazihifadhi kwa aina gani ya namba?

Kila bikoni ina namba mbili, ya kaskazini na ya mashariki. Kusini mwa Ikweta, namba ya kaskazini katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, huanzia mita milioni 10 pale Ikweta na kupungua kadiri unavyoshuka kusini. Sisi tunaangukia milioni 9.6 hivi. Floti, yaani namba ya desimali ya biti 32, ina biti 24 tu za kubeba tarakimu. Ikishapita 8,388,608 haina tena pa kuweka desimali. Huruka mita nzima nzima. Mpimaji akisoma 9,631,704.48, kinachohifadhiwa ni 9,631,704. Sentimita 48 zimekwenda, na simu haikulalamika. Namba ya upande wa mashariki, kwa kuwa ni laki mbili na ushee tu, hukosea kwa sentimita moja hivi. Anayekagua hiyo peke yake ataona kila kitu shwari. Hapo ndipo panaponitisha.

Dawa ipo: dabo, ya biti 64, kosa lake hapa halifikii hata sehemu ya elfu ya milimita. Wanaopendelea kuhifadhi milimita kwa namba kamili nao wako sawa, ila ile ya biti 32 hukomea 2,147,483,647, na milimita zetu zinazidi bilioni tisa. Bei ya kiwanja nayo ni hivyo hivyo: ukiihifadhi kwa senti kwenye biti 32, utagota kwenye shilingi milioni 21 na kitu.

Walimu wa Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Uhasibu, lifundisheni hili mapema, kwa namba za hapa hapa. Nanyi wenye mashamba, kabla ya kusaini ramani iliyotoka kwenye simu, ombeni kuonyeshwa namba za kaskazini. Zikiwa na sifuri tupu baada ya nukta kwenye kila bikoni, msisaini.