Maji ya kadinali hayana pampu
BARAZA LA JUMAMOSI
Na Salma Mbarouk

"Mama, pampu iko wapi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo tukiwa mbele ya Chemchemi Mia, kwenye bustani ya Villa d'Este mjini Tivoli, kilomita 30 hivi kutoka Roma. Mimi nilikuwa nahangaika na simu nipate picha isiyo na kichwa cha mtalii mwenzangu. Ukuta ni mrefu, umevaa majani kama zulia bichi, na maji yanatoka katika vinywa vya sura za wanyama waliochongwa kwenye jiwe. Baadhi ya sura hizo zimelika hata hujui tena kama ni simba au mbwa.

Nikamwuliza mlinzi. Akacheka, akaonyesha juu, mjini.

Pampu hakuna. Bustani ina chemchemi 51 na zote zinaendeshwa na mteremko. Pirro Ligorio, aliyeichora katika karne ya 16, aliteka maji ya mto Aniene na kuyapitisha kwenye handaki la mita 600 hivi chini ya nyumba za watu, yatokee juu ya bustani. Kutoka hapo, kazi iliyobaki ni ya uzito wa maji yenyewe. Wachagga, kwa mifereji yao ya Kilimanjaro, wangeelewana na Ligorio bila mkalimani.

Kilichonishika zaidi ni kinanda cha maji. Kinapiga kila baada ya saa mbili, na watu hujipanga mapema kama wanaosubiri daladala. Maji yanaporomoka ndani ya chumba kilichofichwa yakiburuta hewa. Hewa inajitenga, inabanwa, inasukumwa kwenye mabomba ya kinanda. Maji hayohayo yanazungusha pipa lenye meno, na meno ndiyo yanayochagua bomba lipi lilie. Inasimuliwa kwamba Papa Gregori wa 13 alipozuru mwaka 1572, alitaka aone ndani, akidhani kuna mtu amejificha. Baadaye kinanda kilikaa kimya vizazi kwa vizazi mpaka kilipofufuliwa mwaka 2003. Muziki wenyewe, niseme kweli, ni mwembamba kidogo. Dakika chache tu umekwisha.

Sasa huyo mwenye bustani. Kadinali Ippolito d'Este, mtoto wa Lucrezia Borgia, aliutaka upapa akaukosa, akapewa ugavana wa Tivoli mwaka 1550. Ili apate mteremko aliouota, nyumba za watu zilibomolewa, na wenyewe wakamshtaki. Marumaru na sanamu nyingine zilichukuliwa katika magofu ya kasri la mfalme Hadriano, bondeni. Kitabu cha mwongozo nilichonunua kina kurasa tele juu ya miungu ya mawe. Hao waliobomolewa wamepata sentensi moja. Mimi naona hesabu hiyo imekaa upande. Uzuri wa bustani hii siukatai, nimeushiba kwa macho. Lakini anayetaka kuusifu ausifu pamoja na lile handaki, waliolichimba, na waliohama ili kadinali apumzike kivulini.

Kitu kingine cha kuchekesha: chemchemi inayopigwa picha kuliko zote, ile ya Neptuni yenye maji marefu yanayopanda mbele ya kinanda, si ya kadinali. Ilijengwa mwaka 1927. Watu wanajipiga picha na karne ya 16, kumbe wamesimama mbele ya kitu cha enzi za babu zetu.

Msomaji, ukijaliwa kufika, vaa viatu visivyoteleza, maana ngazi ni nyingi na zimelowa. Ukitoka usikimbilie basi la kurudi Roma. Vuka mji hadi Villa Gregoriana, ambako Aniene wenyewe unaporomoka genge zima kwa kishindo. Hapo mwanangu hakuuliza pampu.