Nyumba za tela na mteremko wa Mbamba Bay: Nyasa ijipange kabla wageni hawajafika

KWA miongo mingi safari ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa ni kipimo cha uvumilivu. Masika yalipowadia, barabara ya udongo iligeuka utelezi, malori yakalala njiani, na abiria wakalazimika kushuka kusukuma gari lililowabeba.

Hali hiyo sasa ni historia. Kilomita 66 za lami kati ya miji hiyo miwili, zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, zimeifanya pwani ya Ruvuma ya Ziwa Nyasa ifikike kwa gari dogo majira yote ya mwaka.

Lami hiyo haikuja peke yake. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Leo familia inaweza kutoka Dar es Salaam, ikapita Iringa, Makambako, Njombe na Songea, na kufika ufukweni bila kukanyaga vumbi.

Ni mabadiliko hayo yanayoleta swali ambalo zamani lingeonekana la mzaha: je, wilaya ya Nyasa imejiandaa kumpokea mgeni anayekuja na nyumba yake nyuma ya gari?

Mtanzania wa kawaida akisikia neno tela, huwaza shehena ya saruji, mbao au makaa ya mawe. Lakini Afrika Kusini na nchi jirani zake, tela la familia lenye vitanda, jiko dogo na tangi la maji ni jambo la kawaida wakati wa likizo. Upande wa Malawi, ambako barabara kuu hupita karibu na ziwa kwa sehemu ndefu, kambi za wasafiri wa aina hiyo zipo tangu zamani.

Msafiri huyo akivuka mpaka wa Kasumulu akitaka kufika Mbamba Bay, hawezi kuambaa na ziwa kwa barabara kuu, kwa kuwa milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Hulazimika kupanda hadi Uyole, kuzunguka Makambako na Njombe, kisha kuteremka Songea na Mbinga. Anayefika Nyasa, basi, hajafika kwa bahati. Amekusudia.

Mteremko usio na huruma

Mji wa Mbinga uko takribani mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa ziwa uko mita zipatazo 475. Maana yake ni kwamba gari hushuka zaidi ya mita 800 katika safari ya saa moja na ushee, likipita kona za milima ya Umatengo.

Kwa gari linalovuta tela, mteremko ni hatari kuliko mlima. Kwenye mlima injini ikizidiwa, gari hupunguza mwendo. Kwenye mteremko tela husukuma kutoka nyuma, na dereva anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zikaacha kushika.

Dawa yake inajulikana na kila dereva mkongwe wa lori: kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, kuiachia injini kazi ya kulizuia gari, na kukanyaga breki kwa vipindi. Tela zito nalo sharti liwe na breki zake lenyewe.

Jambo la pili ni upangaji wa mizigo. Tela lililojazwa nyuma huinua mkono wake wa mbele, likapunguza uzito kwenye magurudumu ya nyuma ya gari, na huanza kuyumba mwendo unapozidi. Watengenezaji wengi wa Marekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee kwenye kiungio. Tela la kilo 1,500 lingeegemeza kilo 150 hadi 225, ilimradi gari lenyewe limeruhusiwa kubeba uzito huo.

Dereva wa familia hatakuwa peke yake barabarani. Mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2011, umeifanya sehemu ya barabara ya Songea hadi Mbinga kuwa njia ya malori mazito. Huko mbele, bandari ya Mbamba Bay, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la upanuzi wake alipozuru Ruvuma Septemba 2024, inatarajiwa kuongeza malori ya bidhaa za Malawi.

Aidha, lami ni barabara ya wanafunzi, waendesha bodaboda, mbuzi na akina mama wenye ndoo kichwani. Gari lenye tela huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa vijijini si mtego wa trafiki, bali ni uhai wa mtoto anayevuka.

Kuishi ufukweni

Likishafika, tela huacha kuwa gari na kuwa kaya. Familia ya watu wanne inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku huhitaji lita 80. Tangi la lita 100 halimalizi hata siku ya pili. Maji hayo lazima yatoke mahali, na yakishatumika lazima yaende mahali.

Hapo ndipo penye uzito. Ziwa Nyasa lina kichocho, na mayai ya ugonjwa huo huingia majini kupitia mkojo na kinyesi cha binadamu, kisha vimelea hukua ndani ya konokono. Choo cha tela kikimwagwa kando ya ziwa, anayeumia si mgeni atakayeondoka kesho, bali mtoto wa Liuli au Lituhi anayeoga hapo kila jioni. Mgeni naye, akiogelea kwenye maji yaliyotulia yenye majani, anaweza kuubeba ugonjwa huo hadi nyumbani kwake.

Lipo pia la moto. Usiku wa nyanda za juu ni wa baridi, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani ya tela ni kikubwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Ardhi ibaki kwa wenyewe

Kwa wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mbinga, na ambayo watu wake wanategemea sana uvuvi na kilimo, biashara hii ina mvuto wa pekee: haihitaji kijiji kiuze ardhi.

Mwekezaji wa hoteli huhitaji eneo kwa miongo kadhaa. Mwenye tela huhitaji kivuli, maji, choo na usalama kwa siku tatu. Analipa, ananunua dagaa na kahawa ya Mbinga, anamkodi kijana wa kumwonyesha mashimo ya ngoro ya Wamatengo au mtumbwi wa kumzungusha kwenye miamba ya Liuli, kisha anaondoka. Ardhi inabaki mikononi mwa kijiji, ambacho halmashauri yake ndiyo msimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba magurudumu yanalitoa tela nje ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mwambao, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tela si jengo la kudumu, lakini maji machafu yake ni madhara halisi. Busara inataka kambi iwe nje ya mita hizo, ufukwe ubaki kwa wavuvi, na mgeni atembee kwa miguu hadi majini.

Wapo watakaosema kuwa wageni hao ni wachache mno kustahili mpango. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana hakuna anayehitaji kukopa mabilioni. Uwanja uliosawazishwa, kisima, vyoo vyenye shimo la kupokea taka za matela, kitabu cha stakabadhi na mlinzi vinatosha kuanzia. Kwa upande wa barabara, alama za kuhimiza gia ndogo na maegesho ya kupoza breki vitawafaa wenye malori na mabasi hata kama halitapita tela moja la familia.

Hatari kubwa iko katika kungoja. Fukwe nyingi nchini zilianza kuuzwa vipande vipande kabla vijiji havijajua thamani yake, na wavuvi wakajikuta wakiomba ruhusa ya kupita kwenda kwenye mitumbwi yao. Lami imekwisha kufika Mbamba Bay. Halmashauri za vijiji zina nafasi ya kuamua sasa mgeni akae wapi na alipe nini, zingali bado na ufukwe wa kuuamulia.