Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Chanda Kipi?



Ndugu msomaji, kila mwaka unapoelekea ukingoni, nyumba zetu huingiwa na mjadala usiosubiri mwaliko: ni nani anayestahili kuitwa mwanamichezo bora wa taifa? Baba ana mtu wake, vijana wana wao, na mabinti zetu, ambao zamani tulidhani hawana habari na mambo ya viwanjani, siku hizi ndio wenye hoja nzito zaidi. Hapa nchini tuzo inayojulikana sana ni ile ya SOYA, iliyoasisiwa mwaka 2004 na mkimbiaji wetu mashuhuri, Paul Tergat. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kauli hiyo ni njema, ila haikutwambia la kufanya pale vyanda viwili vinapokuwa vyema na pete ni moja.

Pengine utauliza, jambo hili lina uzito gani hata litwae nafasi katika ukurasa wa familia? Uzito wake ni huu: kumsifu mtu hadharani ni kutoa ushahidi. Asemaye "fulani ndiye bora" amemshuhudia mmoja, na papo hapo amewahukumu wote aliowaacha. Dini yetu imetufunza kuwa ushahidi ni amana, haugeuzwi na ujamaa, mapenzi wala chuki. Na watoto hawajifunzi uadilifu kwa mawaidha peke yake. Hujifunza kwa kuwasikia wazazi wao wakihukumu mambo madogo madogo sebuleni, mbele ya televisheni.

Basi natuchukue mwaka mmoja tuupime, mwaka 2024. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Kenya ilirejea na medali 11, nne kati yake zikiwa za dhahabu. Moja ilikuwa ya kijana Emmanuel Wanyonyi, aliyeshinda mbio za mita 800 kwa tofauti ya sehemu moja tu kati ya mia ya sekunde. Tatu zilizosalia zililetwa na wanawake wawili, Beatrice Chebet na Faith Kipyegon. Na hapo ndipo ugomvi wa mapenzi ulipoanzia.

Chebet alianza mwaka kwa kutetea taji lake la mbio za nyika za dunia mjini Belgrade, mwezi Machi. Mwezi Mei, mjini Eugene, Marekani, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54, akawa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza masafa hayo chini ya dakika 29. Mwezi Agosti, mjini Paris, alitwaa dhahabu ya mita 5,000, kisha siku chache baadaye akatwaa na ya mita 10,000.

Kipyegon naye aliivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500 mwezi Julai, kwa dakika 3 na sekunde 49.04. Mwezi uliofuata alishinda mbio hizo Olimpiki kwa mara ya tatu mfululizo, baada ya Rio mwaka 2016 na Tokyo mwaka 2021. Hakuna mwanariadha mwingine, awe mwanamume au mwanamke, aliyewahi kutwaa dhahabu tatu za Olimpiki katika masafa hayo. Na kati ya dhahabu ya kwanza na ya pili alijaaliwa binti, mwaka 2018. Mama yeyote anayekumbuka mwili wake ulivyokuwa baada ya kujifungua ataielewa habari hiyo kuliko mchambuzi yeyote wa michezo.

Wanaompigania Kipyegon husema: kitu ambacho hakijafanywa na binadamu mwingine hakina mfano wake, na mama aliyerudi uwanjani akawa bora kuliko alivyoondoka anastahili kuvuliwa kofia na taifa zima. Wanaompigania Chebet hujibu: mwaka huo wawili hao walikutana uso kwa uso mara moja katika fainali ya Olimpiki, ya mita 5,000, na Chebet akashinda. Kipyegon alimaliza wa pili, akaondolewa kwa madai ya kumzuia mshindani, kisha rufani ikamrudishia medali yake ya fedha. Wa tatu alikuwa Sifan Hassan wa Uholanzi, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye siku ya kufunga michezo alipanda jukwaani kupokea dhahabu yake ya marathoni akiwa amejistiri kwa hijabu, nasi tukafurahi kana kwamba ni binti wa mtaa wetu.

Ndugu msomaji, hoja zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana hazimalizani. Kila upande unajibu swali lake. Mmoja unauliza nani mkubwa zaidi, mwingine unauliza nani aliyetia fora mwaka huu. Tuzo ya mwaka imewekewa mipaka na jina lake lenyewe, yaani Januari hadi Disemba. Kwa mizani hiyo, rai yangu ni kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa Chebet: taji la nyika, rekodi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuifikia kabla yake, na dhahabu mbili za Olimpiki. Kipyegon ana daraja yake ambayo tuzo ya mwaka mmoja haiwezi kuiongeza wala kuipunguza. Anayempa kura kwa ajili ya Rio na Tokyo anampenda, lakini anamlipa kwa fedha za mtu mwingine.

Kuchanganya mambo hayo mawili si tatizo letu pekee. Uingereza wana tuzo ya namna hii inayotolewa na BBC tangu mwaka 1954, na mshindi wake huamuliwa kwa kura za wananchi. Mwaka 2012 Mo Farah, Muislamu aliyezaliwa Somalia, alishinda mita 5,000 na mita 10,000 katika Olimpiki ya London, mbele ya watu wake. Kura zilipohesabiwa hakuwamo hata katika watatu wa mwanzo. Tuzo ilikwenda kwa mwendesha baiskeli Bradley Wiggins, ambaye naye mwaka huo alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda mashindano ya Tour de France. Farah aliipata mwaka 2017, mwaka aliotwaa dhahabu moja na fedha moja katika mashindano ya dunia. Wengi waliona kuwa wapigakura walikuwa wakilipa deni la miaka mitano nyuma. Deni kulipwa ni jambo jema, lakini haki iliyocheleweshwa huishia kukaa katika kiti cha mwingine. Na tuseme pia kuwa mwaka 2022 Farah alijitokeza kueleza kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba alipelekwa Uingereza kinyume cha sheria akiwa mtoto wa takriban miaka tisa, kwa jina la mtoto mwingine. Wapigakura wote wale walikuwa wakimpima mtu ambaye hawakuujua mzigo aliokimbia nao.

Tuzo hiyo ya Waingereza ina funzo jingine katika mwaka wake wa kwanza kabisa. Tarehe 6 Mei 1954, mjini Oxford, Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, akawa binadamu wa kwanza kuimaliza chini ya dakika nne. Ulimwengu mzima ulizungumza. Hata hivyo tuzo hakupewa yeye. Alipewa Christopher Chataway, mmoja wa wenzake wawili waliokimbia mbele yake siku hiyo kumwekea kasi. Miezi mitano baadaye Chataway alimshinda Vladimir Kuts wa Umoja wa Kisovieti katika mita 5,000 jijini London kwa rekodi ya dunia, na mbio hizo zilionyeshwa kwenye televisheni watu wakiwa majumbani mwao. Husemwa kuwa chema chajiuza. Lakini bidhaa njema isiyofikishwa sokoni haina mnunuzi, na jicho humpa pete liliyemwona.

Sisi watu wa Pwani tunalijua jambo hilo kutokana na mashindano ya mashua kule Lamu. Mashua ikivuka mstari, jina linaloimbwa ni la nahodha. Nadra kutajwa mabaharia waliokuwa wakihamisha uzito upande wa joshi ili chombo kisipinduke. Nahodha hadhulumiwi kwa kusifiwa, ila mabaharia hudhulumiwa kwa kusahauliwa.

Basi swali la kwanza kabla ya kuuliza nani ashinde ni hili: ni nani aliyeandika orodha? Mwaka 2011 orodha ya BBC ya wanamichezo kumi haikuwa na mwanamke hata mmoja. Ilikuwa imependekezwa na wahariri wa magazeti na majarida, na baadhi ya majarida hayo yalikuwa ya kuwaburudisha wanaume. Watu walilalamika, na mwaka uliofuata utaratibu ukabadilishwa. Tangu mwaka 2006 hakuna mwanamke aliyeshinda tuzo ile hadi mwaka 2021, kisha wanawake wakashinda miaka minne mfululizo. Wanawake wa Uingereza hawakuanza kucheza mwaka 2021. Kilichobadilika ni nani anayeonyeshwa, na nani anayehesabiwa kuwa anafaa kutajwa.

Na nyuma ya orodha kuna mlango mwingine, ule wa uwanja wenyewe. Dada zangu, msisahau kwamba shirika la mpira wa miguu duniani, FIFA, liliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na lile la mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2017. Kabla ya hapo, binti aliyechagua kujistiri alikuwa amekwisha kuondolewa katika tuzo zote kabla hajaugusa mpira. Hakushindwa na mtu. Hakuruhusiwa kushindana.

Hapa nyumbani wako wengine ambao kamera haikai nao muda mrefu. Mwaka 2021, katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo, medali pekee ya Kenya ilikuwa shaba ya Nancy Chelangat Koech, mkimbiaji asiyeona, katika mita 1,500. Mwaka 2024 mjini Paris medali pekee ilikuwa fedha ya Samson Ojuka katika kuruka chini. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwelekezi, mkono wa mmoja umefungwa kwa kamba kwenye mkono wa mwingine, na hatua zao lazima ziwe moja. Uliza watoto wako kama wanayajua majina hayo mawili. Wasipoyajua, usiwalaumu, jiulize ni lini yalitajwa nyumbani kwako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini haki ya mtu asiyejulikana hupewaje?

Limebaki jambo moja zito, nalo ni la uaminifu. Mwezi Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka mmoja baadaye alifungiwa miaka mitatu baada ya dawa iliyokatazwa kupatikana katika kipimo cha Machi 2025. Adhabu hiyo haikuifuta rekodi ya Chicago, na sisi hatuna ruhusa ya kumhukumu mtu zaidi ya waliomhukumu. Lakini majumbani mwetu habari kama hiyo ifunguliwe, isifichwe. Mtoto aambiwe kuwa ushindi una njia, na njia yake ni sehemu ya ushindi. Aambiwe pia kuwa wengi wa wanaokimbia huko Iten na Eldoret hawajatumia chochote ila ugali, maziwa na subira, na kwamba shaka inayowaangukia kwa kosa la mwingine ni dhuluma.

Kwa hiyo, mjadala utakapozuka tena nyumbani kwako, usiuzime. Uupe adabu. Kila mmoja aseme jina, kisha atoe sababu inayotokana na mwaka huo, si mapenzi ya zamani wala kabila. Kisha kila mmoja ataje mtu ambaye hakuonekana katika televisheni lakini kazi yake inajulikana. Mwenye kupinga amalize kwanza kutaja jema la yule anayempinga. Utashangaa jinsi kijana wa miaka 12 anavyoweza kuwa hakimu mwema akipewa mizani.

Halafu, dada yangu, mizani hiyo hiyo iletwe karibu zaidi. Katika kila nyumba yuko mtoto anayeshangiliwa kwa alama zake za mtihani, na yuko mwingine anayemchotea bibi maji ya kutawadha kila alfajiri bila ya mtu kusema neno. Yuko mwana ambaye sifa zake za mwaka juzi bado zinakula kura za mwaka huu. Yuko binti ambaye jina lake halijawahi kuandikwa katika orodha yoyote, kwa sababu waandikaji ni sisi na macho yetu yamezoea kutazama upande mmoja. Ijumaa hii, baada ya chakula, mtaje mtoto huyo kwa jina, mbele ya nduguze, na useme kwa hakika alichokifanya.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.