Tembo Hutisha, Hatishii: Maoni Kuhusu Ufasiri wa Msamiati wa Hatari

Kila afasiriye nyaraka za serikali, za bima au za uhifadhi kutoka Kiingereza amekutana na kundi moja la maneno linalomtia taabu: danger, hazard, risk, peril, threat, menace. Dawa iliyozoeleka ni kuyatia yote katika chungu kimoja kiitwacho "hatari". Yanayokataa kuingia hupewa "tishio". Kutokana na mazoea hayo, wapo wanaohitimisha kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu, na kwamba tiba yake ni kuunda nomino nyingine. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Tofauti zinazotafutwa zimo katika Kiswahili, ila hazikai pale ambapo Mwingereza amezoea kuziweka. Yeye huziweka katika nomino. Sisi tumeziweka katika kitenzi na viambishi vyake.

Inafaa ikumbukwe pia kwamba mipaka ya maneno hayo ya Kiingereza haikushuka kutoka mbinguni. Danger, kwa asili yake ya Kifaransa cha kale, lilihusu mamlaka ya bwana: aliyekuwa katika danger ya mwenzake alikuwa mikononi mwake. Maana hiyo ilikuwa bado hai Shakespeare alipoandika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Hazard lilitokana na mchezo wa dadu. Hata hatari yetu, katika Kiarabu ilikotoka, hubeba pia maana ya dau la mashindano. Sisi tuliipokea hofu, dau tukaliacha huko huko.

Tumfikirie sasa mkulima wa mpunga katika kata ya Kilangali, wilayani Kilosa. Wilaya yake inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa mkulima huyo tembo ni hatari; kwa mhifadhi, tembo yuko hatarini. Kiambishi -ni peke yake kimegeuza mtendaji kuwa mtendwa. Ni jambo dogo la sarufi, lakini ndani yake umo mgogoro mzima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Tembo huyo anatisha. Je, anatishia? Kwa maoni yetu, hapana. Kutisha ni kuwatia wengine hofu, na hata kichaka usiku chaweza kufanya hivyo. Kutishia kunahitaji nia, na mara nyingi sharti: usipofanya hili, nitafanya lile. Mnyama hana sharti analolitoa. Threat la Kiingereza halijali mpaka huo. Ukame ni threat, mdudu wa mahindi ni threat, na mtu mwenye panga mlangoni ni threat. Tunapoandika kwamba "tembo ni tishio kwa wakulima" tunauingiza nyumbani utata wa jirani, kwa kuwa tishio limenyambuliwa kutokana na tishia, ilhali kitisho kimetokana na tisha. Ni kweli kwamba matumizi ya kila siku yameanza kuvuka mpaka huo, na kwamba "vitisho" vya watu husikika kila mahali. Lakini vitenzi vyenyewe bado vimesimama imara: hakuna mzungumzaji asemaye kwamba giza lilimtishia.

Suala hili si la darasani tu. Kilosa inaijua gharama ya uhasama: Desemba 2000, watu 38 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayemtishia mwenzake kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi. Hata hivyo, katika Kiswahili ni nadra mtu kutishia kwa kutamka neno tishia. Husema "tutaonana", "shauri yako", "utanitambua", au huahidi kumwonyesha mwenzake cha mtema kuni. Vitisho hivyo vimejengwa kwa wakati ujao, na mara nyingi kwa adabu ya kutisha. Shahidi aliyesikia "tutaonana" mpakani mwa shamba alijua kilichosemwa. Kumbukumbu ya mahakama ikiandikwa kwa Kiingereza, maneno hayo hayo hugeuka kuwa maagano ya marafiki. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kisingizio cha ufasiri kimepungua. Iliyobaki ni kazi ya wanaisimu kuwaeleza wanasheria jinsi kitisho cha Kiswahili kinavyojengwa.

Uundaji wa nomino mpya, kwa upande wake, haujatupatia faraja kubwa. Katika ofisi za umma sasa risk huitwa kihatarishi. Kimuundo, kihatarishi ni kitu kinachohatarisha, yaani hazard hasa. Mto Mkondoa uliofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ni kihatarishi. Uwezekano wa kufurika tena mwakani ni jambo jingine, na neno hilo halilisemi. Mamlaka ya Hali ya Hewa imefanya vizuri zaidi kwa ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ngazi hizo zinamwambia msikilizaji afanye nini, aangalie au ajihadhari, badala ya kumpa jina la kitu na kumwacha nalo.

Mfano unaotupendeza kuliko yote ni wa malipo kwa walioathiriwa na wanyama hatari, yaliyowekewa kanuni mwaka 2011. Kiingereza cha kanuni hizo kinatumia neno moja, consolation. Kiswahili kimeyagawa malipo hayo mawili: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Nomino zote mbili zimebeba kitenzi ndani yake, na mkulima wa Kilangali hahitaji kamusi ili ajue ni ipi anayoiombea Mungu isimfikie.