Uliza Kasi Kwanza

Makala nyingi tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili zinaanza na dai lilelile: filamu za tabaka za nikeli na alumini zikipata joto, kampaundi ya kwanza kuzaliwa ni NiAl3. Waandishi hulitaja kama jambo lililokwisha amuliwa, wakaendelea na safari. Ugomvi wangu nao unaanzia hapo.

Dai lenyewe halikuokotwa njiani. Mwaka 1991 Ma, Thompson na Clevenger waliieleza vizuri hatua ya mwanzo ya NiAl3, na wengine baadaye wakaiona Ni2Al9 ikiitangulia. Ukiiweka filamu ndani ya kalorimita na kupandisha joto nyuzi makumi kadhaa kwa dakika, utaupata mfuatano huo: Ni2Al3 hufuata, kisha NiAl endapo atomi za metali mbili zinalingana idadi. Lakini nani anatengeneza filamu hizi ili azibembeleze kwenye kalorimita? Zinatengenezwa ziwashwe kwa cheche. Wimbi la mmenyuko hukimbia mita kadhaa kwa sekunde, na halijoto hupanda kwa kiwango cha nyuzi milioni moja kwa sekunde au zaidi.

Kwa kasi hiyo alumini, inayoyeyuka kwa nyuzi 660, huwa kimiminika kabla atomi hazijapata nafasi ya kujipanga taratibu. Trenkle, Weihs na wenzao wa Johns Hopkins walilimulika wimbi hilo kwa eksirei za sinkrotroni, wakaona NiAl ikijitokeza moja kwa moja ndani ya kimiminika chenye alumini nyingi. Hata filamu yenye atomi tatu za alumini kwa mbili za nikeli, ambayo ikipoa huwa Ni2Al3, ilikuwa na NiAl ilipokuwa ingali moto. NiAl3 haikuonekana. Huko Livermore, mwaka 2008, hadubini ya elektroni inayopiga picha kwa nanosekunde ilionyesha maumbo kama seli yakizuka nyuma ya wimbi na kutoweka. Kalorimita haiwezi kukuonyesha hayo hata uisubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo swali la kampaundi ipi inatangulia halina jibu mpaka useme umepasha kwa kasi gani. Wala unene pekee hautoshi. Tabaka zikiwa nyembamba zaidi, wimbi huongeza mbio, lakini ukishuka chini ya kiwango fulani mbio hupungua, kwa sababu metali zilikwisha changanyika mipakani wakati wa kupakwa, na sehemu hiyo imekwisha tumia joto lake. Gavens na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2000. Robo karne baadaye bado napokea michoro ya mbio za wimbi isiyoutaja mpaka huo hata kwa nukta.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya kulehemu inakumbusha, kwa haki, kwamba NiAl huchukua nafasi ndogo kuliko tabaka zilizoizaa, ndiyo maana viungo hupasuka. Ile ya vanadi katika nikeli ya kupaka ni fupi na safi.

Tunahariri jarida hili Toronto, mji usio na mgodi wa nikeli lakini uliokuwa makao makuu ya kampuni ya nikeli ya Inco hadi kampuni ya Vale ilipoinunua mwaka 2006, mawe yenyewe yakichimbwa Sudbury. Kila Machi wachimbaji wa dunia hukutana hapa, na siku hizi Kabanga, hazina ya nikeli kule Ngara, Tanzania, haikosi kutajwa. Mwandishi mmoja ameandika kana kwamba filamu hizi zitaipatia Kabanga soko. Nimeichapa makala yake kwa sababu vipimo vyake ni vizuri. Soko la nikeli ni chuma cha pua na betri; filamu yenye unene wa mikromita makumi haimalizi hata toroli.

Kuanzia toleo lijalo, muswada usiotaja kasi ya kupasha, unene wa tabaka jozi na upana wa eneo lililochanganyika utarudishwa kwa mwenyewe bila kupelekwa kwa wasomaji wetu wa tathmini.