Ini la mzee lisipimwe kwa siku ya utulivu

Majibu ya maabara ya mtu wa miaka 75 yanaweza kuonyesha ini lisilo na kasoro yoyote, na ndiyo maana wengi huamini kwamba ini halizeeki. Imani hiyo ina msingi. Ini hukua upya likikatwa kipande, na mwaka 2022 watafiti waliopima kaboni ndani ya seli walibaini kwamba wastani wa umri wa seli za ini la binadamu, awe kijana au mzee, haufiki miaka mitatu. Hata hivyo, kazi ya kila siku ni mtihani mwepesi. Uzee wa ini hujitokeza pale damu inapokatika kisha ikarudi, na hapo ndipo tunapopaswa kuupima.

Ini hupokea takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika. Tangu mpasuaji James Hogarth Pringle wa Glasgow alipoeleza, mwaka 1908, mbinu ya kuibana mishipa inayoingiza damu hiyo, wapasuaji huitumia ili mgonjwa asivuje damu nyingi. Kibanio kikikaa, ini hupauka na seli huishiwa nishati. Kikifunguliwa, wekundu hurudi, lakini madhara makubwa huanzia hapo: oksijeni inayoingia kwa ghafla huzikuta mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimekwisha kuharibika, nazo huzalisha kemikali kali zinazoiunguza seli kutoka ndani. Seli yenye nguvu hujiokoa kwa kuzimeng'enya mitokondria mbovu, utaratibu ambao utafiti wake ulimpa Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Katika maini ya panya wazee, protini zinazoendesha usafi huo hupungua mno damu inapokatika, taka zikabaki na seli zikafa. Seli inaweza kuwa changa kwa miaka na bado ikarithi ufagio uliochakaa.

Atakayesema kwamba panya si binadamu atakuwa na haki, lakini upandikizaji unatoa ushahidi wa binadamu wenyewe. Umri wa mtoaji ni miongoni mwa mambo yanayoashiria kwa nguvu zaidi kwamba ini lililopandikizwa litashindwa kazi, na hatari huongezeka kadiri linavyokaa barafuni. Je, basi tuyatupe maini ya wazee? La. Maini ya watu waliopita miaka 80 yamepandikizwa na kufanya kazi vizuri, pale yalipochaguliwa kwa makini na kuwahishwa. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2018, lenye upandikizaji 220, maini yaliyopitishiwa damu yenye joto la mwili ndani ya mashine yalipata madhara pungufu kwa nusu kuliko yaliyohifadhiwa barafuni, ingawa yalihifadhiwa kwa muda mrefu zaidi.

Umri, basi, usiwe sababu ya kumnyima mzee upasuaji. Uwe sababu ya kuhesabu dakika. Mpasuaji abane mishipa kwa vipindi vifupi, akiliachia ini lipumue. Na mzee anayefikishwa hospitali akiwa amepoteza damu nyingi, au amekauka maji kwa kuharisha, asiachwe kwenye benchi kwa kuwa bado anaongea: ini lake huenda limeshaanza kukosa damu.