MZIMU HAUUZWI KWA TIKETI

Imeenea katika nchi za Ulaya na Amerika biashara ya kuuza hofu. Jumba kuukuu hutangazwa kuwa lina mizimu, mlangoni huwekwa mtoza kiingilio, na wateja huingia usiku wakiwa wamebeba kamera na vyombo vya kupimia joto na sauti. Wateja hao hujiita wawindaji wa mizimu. Kwa mtu wa namna hiyo, ni vigumu kupata pwani yenye mvuto kuliko pwani ya Tanga. Yapo Mapango ya Amboni. Yapo magofu na makaburi ya Tongoni. Kipo kisiwa cha Toten ndani ya ghuba ya Tanga, ambacho jina lake la Kijerumani lina maana ya wafu.

Wapo wananchi, hata miongoni mwa wasomi, wanaoona kwamba hapa pana neema iliyoachwa ilale bure. Hoja yao ni nyepesi: mgeni anataka mizimu, basi na apewe mizimu, mradi alipe. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa swali moja. Je, mtu anayetafuta mizimu kwa dhati anapata faida yoyote kwa kufika mahali ambapo mizimu imegeuzwa bidhaa? Jibu ni kwamba hapati. Na watu wa mahali hapo hupoteza kitu chenye thamani kubwa kuliko kiingilio walichopokea.

HADITHI NA VIPIMO

Mapango ya Amboni yapo karibu kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa barabara iendayo Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa ambayo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 150. Maji ya mvua yaliyochanganyika na hewa ya ukaa yaliyeyusha chokaa polepole, yakachimba vyumba na njia, kisha matone yakaganda kuwa nguzo na michirizi ya mawe. Waongoza watalii huyapa mawe hayo majina: hili ni meli, lile ni mamba, lile ni Bikira Maria. Hapo hapana ubaya wowote, kwani mgeni huliona jiwe kwa macho yake mwenyewe na kuamua kama linafanana au halifanani.

Lakini masimulizi hayaishii hapo. Husemwa kwamba njia moja ya chini kwa chini hutokea Mombasa, na nyingine hutokea Kilimanjaro. Husimuliwa pia habari za Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wakapotea, na baadaye mbwa peke yake akaonekana mbali mno, karibu na Kilimanjaro. Mambo ya ndani ya kisa hicho hubadilika kila abadilikapo msimuliaji. Mwaka 1994 ulifanyika upimaji wa Wajerumani na Waturuki, ukabainisha mapango 10, na lililo refu kuliko yote likaonekana kuwa na urefu wa mita 900 hivi. Kutoka Tanga hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 250. Msimuliaji anayemtoza mgeni fedha kisha akamwambia habari za njia ya Kilimanjaro kana kwamba ni jambo lililothibitishwa, anauza kitu asichokuwa nacho ghalani.

MTAFITI HUPATA NINI?

Watafutaji wa mizimu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayetaka kuchunguza kama mizimu ipo au haipo. Huyu ndiye wa kwanza kupata hasara. Uchunguzi wowote wa haki hudai kwamba shahidi asifundishwe la kusema kabla hajaulizwa. Mahali pa biashara mambo huwa kinyume chake: mgeni huelezwa mlangoni ni chumba gani kina mzimu, mzimu huo hupenda kufanya nini, na nani aliwahi kuuona. Kisha huingizwa gizani. Popo wakipiga mbawa, ameshaambiwa ni nini. Tone la maji likianguka na mwangwi ukajibu, ameshaambiwa ni nani.

Jambo hili limekwisha kuchunguzwa na wataalamu. Mwaka 2003 Richard Wiseman wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika kasri la Hampton Court na katika vyumba vya chini ya ardhi huko Edinburgh, mahali pawili panaposifika kwa mizimu. Mamia ya watu walipitishwa humo na kuandika waliyoyahisi. Ilidhihirika kwamba hisia za ajabu ziliongozana na hali ya mahali penyewe, kama vile kiasi cha mwanga na ukubwa wa chumba. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Mwingereza Vic Tandy alieleza jinsi feni ndani ya maabara ilivyosababisha mtetemo wa sauti usiosikika kwa masikio. Mtetemo huo, kwa maelezo yake, ndio uliomtia jasho la baridi na kumfanya aone kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Tandy aliweza kuyagundua hayo kwa sababu alikuwa katika maabara aliyoizoea, na hakuwapo mtu yeyote aliyepata faida kwa hofu yake.

Mahali pa kiingilio faida hiyo ipo, tena ndiyo msingi wa shughuli nzima. Nyumba ya Winchester huko San Jose, California, ni mfano unaojulikana. Sarah Winchester, mjane wa ukoo wa watengenezaji wa bunduki, alifariki mwaka 1922. Mwaka uliofuata nyumba yake ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa watazamaji wanaolipa. Tangu hapo wageni wamesimuliwa kwamba mjane huyo alijenga vyumba bila kukoma kwa amri ya roho za watu waliouawa kwa bunduki hizo, ingawa hakuna ushahidi wa maandishi yake mwenyewe unaosema hivyo. Mjane hayupo kujitetea, na mwenye duka hana sababu ya kuharibu bidhaa yake. Mtafiti anayekwenda kutafuta ukweli mahali kama hapo ni sawa na hakimu anayemwomba mshitaki amwandikie hukumu.

MZIMU WA PWANI SI KITISHO

Mtafutaji wa pili ni yule anayeamini. Huyu hupata hasara ya namna nyingine, na ili ieleweke hapana budi kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, mzimu ni roho ya marehemu, na pia ni mahali ambapo watu hupeleka tambiko. Mzimu una ukoo wake, una mahali pake, na una adabu zake. Haukuwekwa ili kumtisha mpita njia. Wabondei, Wadigo, Wasegeju, Wasambaa na majirani zao wamefika Amboni kwa vizazi vingi wakiwa na haja zao: huyu anaomba mtoto, yule anaomba afya, mwingine anaomba mvua. Sarafu, ubani na chupa za marashi zinazoachwa mbele ya mwamba ni haja za watu walio hai.

Dini kubwa zina maoni yake juu ya desturi hizo, na kila mwananchi ana haki ya kuzikubali au kuzikataa. Lakini hata anayezikataa hawezi kukubali kwamba sala ya jirani yake iwe mchezo wa kuwachekesha wageni. Hakuna anayekwenda msikitini au kanisani kuwamulika waumini kwa tochi ili aone kama Mungu atatokea. Mwenye imani ya kweli hufika mzimuni kwa idhini ya wazee, kwa unyenyekevu na kwa haja. Akifika kwa tiketi, nyuma ya kundi linalopiga picha na kupiga makelele ya kujitisha, hakika hatakuta kile alichokifuata, kwa maana kilichokuwa kimepafanya mahali hapo patukufu kitakuwa kimefukuzwa.

HOFU INA GHARAMA

Wako watakaosema kwamba hofu ya kununua ni burudani, kama sinema. Kwa mgeni atakayepanda ndege kesho, huenda ni kweli. Kwa wanaobaki, hofu si burudani. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianza Pemba, ukavuka hadi Unguja, ukafika Dar es Salaam. Watu walilala nje makundi kwa makundi wakiogopa kuingia majumbani mwao. Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Katika mikoa kadhaa ya Tanzania vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Nchi yenye majeraha ya namna hiyo haiwezi kuajiri vijana wake wapite wakiwathibitishia watu, kwa mshahara, kwamba gizani mna kiumbe anayewinda binadamu. Mtoto wa shule anayeletwa Amboni na mwalimu wake huyasikia maneno yale yale anayoambiwa mtalii. Na mtoto huyo hurudi nayo kijijini.

WAFU WENYE MAJINA YAO

Hasara kubwa kuliko zote ni ya historia. Chukua Pangani. Husimuliwa kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo za boma ili jengo liwe imara. Simulizi hilo husisimua, na mgeni huondoka akitetemeka. Lakini aghalabu huondoka bila kujua jinsi misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilivyofika katika bandari ile, wala jinsi watumwa walivyofanyishwa kazi katika mashamba ya miwa kando ya Mto Pangani. Huondoka bila kuelezwa kwamba mwaka 1888, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuitwaa Pangani, watu wa pwani waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Na kwamba Abushiri alinyongwa na Wajerumani katika mji huo huo wa Pangani mnamo Desemba 15, 1889. Jambo lililotokea kweli, lenye mwaka na jina, limesukumwa kando na kitisho kisicho na jina la mtu hata mmoja.

Tongoni ni vivyo hivyo. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti na makaburi yapatayo 40, yakiwemo makaburi ya nguzo, mji uliojulikana pia kwa jina la Mtangata. Mwaka 1499 Vasco da Gama, akirejea kutoka Bara Hindi akiwa amepungukiwa na mabaharia, aliiteketeza meli yake São Rafael katika mafungu ya pwani hiyo. Waliolala Tongoni walikuwa wafanyabiashara, mashekhe, wajenzi na wavuvi. Nguzo nyingi za makaburi yao zimekwisha kuanguka. Wanachohitaji ni fundi wa chokaa na mlinzi. Msimuliaji wa vitisho hawamhitaji.

Amboni nayo ina wafu wake. Katika miaka ya 1950 yalikuwa maficho ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni. Wakoloni waliwaita majambazi. Simulizi za wenyeji huwataja kuwa waliwanyang'anya matajiri wakawapa maskini. Ni nani aliye na haki? Hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa ndani ya pango, na ndilo linalozimwa mara tu watu hao wawili wanapogeuzwa vivuli vya kutishia watoto.

HOJA YA FEDHA

Itasemwa kwamba fedha za kigeni zinahitajika na vijana wa Kiomoni na Pangani wanahitaji kazi. Hilo halina ubishi. Lakini mjadala huu si mpya. Mwaka 1970 wananchi walibishana magazetini kama utalii unaafikiana na ujenzi wa ujamaa, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikachapisha mjadala huo katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Katika mambo yaliyohojiwa wakati ule ni hatari ya taifa zima kujifunza kuwa mtumishi wa matamanio ya mgeni. Miaka imepita, siasa ya uchumi imebadilika, na utalii umekuwa nguzo ya mapato ya nchi. Hatari hiyo bado ipo pale pale, kwa maana anayeishi kwa kumwambia mgeni kile anachotaka kusikia, mwisho hujisahau mwenyewe.

Wala si kweli kwamba ukweli haununuliwi. Huko Gedi, Kenya, James Kirkman aliyeanza kuchimba magofu mwaka 1948 aliwahi kueleza kwamba alihisi kama kuna mtu anayemchungulia nyuma ya kuta. Hakulifanya jambo hilo kuwa kazi yake. Alichimba, akapima, akaandika, na waliofuata wakaendelea. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa sababu ya mji uliokuwapo pale, mizimu haikuhusika.

LIFANYIKE NINI?

Mapango ya Amboni yaliingia mikononi mwa serikali mwaka 1963, na Sheria ya Mambo ya Kale ilipitishwa mwaka 1964. Msingi wa kulinda upo. Kilichobaki ni wajibu wa watu. Wasimamizi wa mahali hapa wawafunze waongoza watalii kutenganisha mambo matatu kila wanapofungua kinywa: haya yamepimwa, haya yameandikwa, na haya husimuliwa. Hekaya zisifutwe, kwani ni mali ya wananchi. Zisimuliwe kwa jina lake la hekaya. Maofisa utamaduni wakae na wazee wa vijiji vinavyozunguka mapango, wakubaliane ni sehemu zipi na saa zipi zimetengwa kwa wenye tambiko, na kamera zisifike huko. Walimu wasiwapeleke wanafunzi kabla ya kuwafundisha jinsi chokaa inavyoyeyuka, Abushiri alikuwa nani, na Tongoni ilikuwa mji wa aina gani.

Na mgeni atakayeuliza mlangoni kama atauona mzimu, aambiwe kweli bila haya: kwamba humu mna popo, mna mawe ya miaka mamilioni, na mna mahali ambapo watu wa nchi hii huleta haja zao. Akitaka kuyaona hayo kwa heshima, karibu. Akitaka mzimu wa kununua, na atafute kwingine, maana wafu wa Tanga hawajaajiriwa na mtu.